Krosi Jointi ya Bi Chausiku

Jumatatu, 14 Julai

Leo nimefanya kazi kubwa. Sina raha nayo hata kidogo.

Bi Chausiku alikuja saa tatu asubuhi na Landrova lake kuukuu, lile la kubebea masufuria. Bi Chausiku ndiye mpishi wa shughuli zote za Mbagala hii. Ukioa bila pilau lake, watu wanaulizana kama kweli umeoa. Dereva wake, Bakari, alishuka akasema gari linalia upande wa mbele likikata kona. Nikaingia chini. Krosi jointi ya kushoto imekufa. Nikatoka nikasema hivyo, tena kwa sauti, maana ng'ambo ya barabara Nassibu alikuwa amesimama mlangoni kwake anasikiliza.

Nassibu ana gereji yenye paa. Ana mashine ya presi, inayosukuma beringi taratibu bila kugonga. Mie nina turubai na nyundo.

Bi Chausiku akaniuliza kama kazi hiyo naiweza au avuke barabara. Nikamjibu kwamba hizi nazifanyaga nimefumba macho.

Sijawahi kufanya hata moja.

Acha niandike ilivyokuwa, ili lolote likitokea ijulikane nilisema ukweli angalau kwenye daftari. Krosi jointi ni chuma cha umbo la msalaba. Inaunganisha shafti mbili, ili tairi la mbele lizunguke hata likiwa limekata kona. Kila ncha ya msalaba inavaa kikombe kidogo cha chuma. Ndani ya kikombe kuna visindano vingi vimepangwa kuzunguka, vinashikiliwa na grisi tu. Kikombe kikiingia mpaka mwisho, klipu inakaa kwenye mfereji wake na unasikia tik.

Vikombe vitatu: tik, tik, tik.

Cha nne hakikuingia. Kilisimama kabla ya mwisho, kama unene wa kucha. Nadhani nilijua kwa nini. Kisindano kimoja kilikuwa kimeanguka ndani, kimelala chini ya kikombe, kinakizuia. Dawa yake ni kutoa kikombe chote, kuvipanga upya, kuanza tena. Lakini Bi Chausiku alikuwa amekaa kwenye kigoda hatua mbili kutoka kwangu, anaangalia saa. Na Nassibu alikuwa hajaingia ndani.

Nikachukua nyundo kubwa.

Klipu ilikaa nusu. Nikaizungusha jointi kwa mkono: ngumu, halafu inakwama mahali pamoja, kama mtu anayemeza dawa. Bakari akauliza mbona ngumu. Nikamwambia jointi mpya ndivyo zilivyo, itazoea. Nikarudisha shafti, nikafunga tairi, wakaondoka. Pale kwenye kona ya duka la Mpemba nikasikia kek. Moja tu.

Flaviana, mke wangu, amepika samaki leo. Anasema Bi Chausiku amenisifia. Sikula.


Jumanne, 15 Julai

Nimeota tairi limekuja kunisalimia nyumbani. Limegonga hodi.

Asubuhi nimejiambia siyo ishu. Gari linabeba masufuria, masufuria hayafi. Halafu Flaviana, huku anachemsha chai, akaniambia Jumamosi hayupo. Bi Chausiku amemchukua kwenye timu yake. Kuna harusi Kimbiji, huko mbali Kigamboni, watu mia tatu. Wanaondoka saa kumi na mbili asubuhi, wanawake sita nyuma ya Landrova pamoja na vyombo. Amefurahi sana. Miezi minane amekuwa akisubiri Bi Chausiku amuite.

Chai ikanipalia. Akanipiga mgongoni.

Nikaenda Charambe kwa Bi Chausiku, eti kusalimia. Nilimpa shikamoo akaniitikia vizuri mno, akaniletea kashata. Nikauliza gari linaendaje. Akasema zuri, ila usukani unavuta kidogo na mbele kuna kitu kinasema kek kek likikata kushoto. Akaniuliza, akinitazama kama mtoto wake anayemwamini, "Ni kawaida, mwanangu?"

Ilikuwa nafasi yangu. Mdomo ulifunguka. Nikajisikia nikisema ni kawaida, Bi, inazoea.

Kashata nimeila yote. Sijui kwa nini naandika hilo.


Jumatano, 16 Julai

Mpango wa kwanza: kumuuliza Nassibu bila yeye kujua anaulizwa.

Nilivuka barabara kana kwamba natafuta kivuli. Nikamwambia nina rafiki yangu fundi, yuko Tunduru, amenipigia simu ana tatizo. Ameweka krosi jointi shafti ya mbele, kikombe kimoja hakikuingia vizuri. Anataka kujua kama kuna shida kubwa.

Nassibu alikuwa anafuta mikono. Aliendelea kufuta muda mrefu. Akauliza jointi inazunguka laini au inakwama. Nikasema rafiki anasema inakwama. Akauliza klipu imeingia yote. Nikasema nusu. Akauliza huyo rafiki alitumia presi au nyundo. Nikasema Tunduru hakuna presi. Akasema Tunduru zipo presi tatu, yeye kaishi kule.

Halafu akanieleza, polepole, bila kucheka. Kisindano kikilala chini ya kikombe, kila mzunguko kinasagwa. Kikombe kinapata joto, klipu inaruka, kikombe kinatoka nje. Siku hiyo msalaba unabaki umening'inia upande mmoja, sikio la shafti linaloushika linavunjika, na vipande vinajikaza mle ndani mwa ekseli. Tairi la mbele linaweza kugoma palepale. Likigoma kwenye lami, Mungu anajua. Likigoma darajani, sote tunajua.

Nikamuuliza itachukua siku ngapi kufika huko. Akasema gari likienda tambarare, labda wiki. Likiwekwa foo-wili kwenye mchanga, tairi zote nne zikivuta, nguvu inapita na mbele, labda robo saa.

Nilipokuwa navuka kurudi akaniita. Akasema, "Braza, mwambie huyo rafiki yako wa Tunduru asimpandishe mke wake."

Sikumwambia rafiki ana mke.

Mchana nikajaribu mpango wa pili. Nikampigia Bi Chausiku nikamwambia nina ofa ya wateja wazuri, gari lije nilipige grisi bure kabisa. Akauliza kama ninaumwa. Akasema kwa miaka sita hajawahi kunisikia nikitamka neno bure, kwa hiyo lazima kuna kitu nataka kwake, na kama ni kazi ya Flaviana nisiwe na wasiwasi, ameshaandikwa. Gari atalileta baada ya harusi.

Baada ya harusi.


Alhamisi, 17 Julai

Mpango wa tatu: malaria.

Mke hawezi kumwacha mume hoi kitandani akaenda kupika pilau la watu. Saa kumi na moja alfajiri nikaanza kutetemeka. Haikuwa kazi, nilikuwa natetemeka tayari. Nikajifunika mablanketi mawili nikaomba maji kwa sauti ya marehemu.

Flaviana alinishika paji la uso, akatoka. Nikajua ameenda kulia. Alienda kumwita Yustina, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, nesi, mtu asiyejua mzaha. Yustina alikuja na kipimo. Akanitoboa kidole, akasubiri, akaangalia, akasema malaria hakuna. Akanipima presha. Hapo alikunja uso. Akasema presha iko juu kama ya mtu aliyeua, kisha akauliza kama kuna jambo linanisumbua.

Walinitazama wote wawili. Nikasema ni chumvi.

Tangu asubuhi nakula ugali na mchicha usio na chumvi, na nimekunywa vikombe vitatu vya maji ya mwarobaini, maana Flaviana anasema hata kama si malaria hayadhuru. Na Jumamosi anaenda vilevile. Atamwomba Yustina apite kunichungulia.

Mchicha usio na chumvi ni adhabu ya kutosha. Ningeomba Mungu aishie hapo.


Ijumaa, 18 Julai

Nimepata! Nashangaa sikuwaza mapema.

Lile Landrova lina vitovu vya kufungulia. Katikati ya kila tairi la mbele kuna kifundo cha kuzungusha kwa mkono. Ukikifunga, tairi linashikana na shafti. Ukikifungua, tairi linazunguka lenyewe na shafti ya mbele inalala, haizunguki kabisa. Jointi isiyozunguka haiwezi kuvunjika. Gari linaenda kwa tairi za nyuma kama kawaida, na hakuna atakayejua. Nikirudishiwa gari baada ya harusi natengeneza kimyakimya.

Tatizo ni Bakari. Bakari anaishi na hilo gari kama mtu na mkewe. Lakini leo Ijumaa. Saa sita na nusu alitoka kwenda msikitini, kanzu nyeupe, kofia. Mie nilikuwa nimejibanza nyuma ya rundo la kuni za Bi Chausiku. Nikaingia uani nikiinama. Kifundo cha kulia kikafunguka. Cha kushoto kikagoma, nikakizungusha kwa meno ya koleo, kikafunguka. Nilipoinuka nikamkuta mbuzi wa harusi ananitazama. Mbuzi yule alinitazama kama Nassibu.

Nimerudi nyumbani mwepesi. Nimekula ugali wangu usio na chumvi nikauona mtamu.

Jioni Flaviana alikuwa anapanga khanga na aproni ya kesho. Akanisimulia walivyoambiwa safari. Lami mpaka Kibada na mbele kidogo, halafu vumbi, halafu kilomita mbili za mwisho ni mchanga mtupu kama ufukweni, mpaka kidaraja cha magogo. Bila Landrova huwezi kufika. Bakari amesema pale lazima foo-wili.

Nikakaa kitandani.

Gari likinasa mchangani, kitu cha kwanza Bakari atakachofanya ni kushuka na kuangalia vifundo.

Nilimwambia Flaviana asiende. Akauliza kwa nini. Ningesema. Naapa nilikuwa nasema. Lakini alikuwa ameshika ile aproni, nyeupe, ameipiga pasi mara mbili, na nikaona ameshajua atawaambia nini wenzake kuhusu mume wake fundi. Nikasema nitakukumbuka. Akacheka, akasema ni Kimbiji, siyo Msumbiji.


Jumamosi, 19 Julai

Naandika hii nikiwa nimekaa kwenye gunia tupu la mchele, Kimbiji. Nanuka moshi na vitunguu. Niko hai. Wote wako hai. Hilo naliandika kwanza.

Waliondoka saa kumi na mbili na robo. Bakari kwenye usukani, Bi Chausiku pembeni yake, nyuma wanawake sita, masufuria, magunia, na mbuzi. Flaviana alikaa upande wa kushoto, juu kabisa ya lile tairi. Alinipungia mkono.

Nilihesabu mpaka ishirini nikakodi bodaboda. Nilijiambia nafuata tu kwa mbali. Kongowe sawa. Kibada sawa. Gari lilikuwa linateleza kimya, bila kek hata moja, vifundo vyangu vinafanya kazi. Kwenye vumbi wanawake walianza kuimba. Nikawa nasikia sauti ya Flaviana katikati ya zote, na nilikuwa namwambia dereva wa bodaboda asikaribie sana na asibaki nyuma sana, mpaka akaniuliza kama ni fumanizi.

Tukafika kwenye mchanga. Landrova likaingia, likayumba, likakaa. Tairi za nyuma zikachimba. Bakari akaingiza foo-wili, likachimba zaidi. Akashuka. Nilikuwa nyuma ya kichaka cha mkaa-pwani, kama hatua mia. Nikamwona anakwenda tairi la mbele, anainama, anagusa kifundo. Akasema kitu. Upepo uliniletea maneno: watoto wa mtaa wamechezea gari. Akakifunga cha kushoto. Akazunguka akakifunga cha kulia. Akapanda.

Landrova likajitoa mchangani kama kiboko. Wanawake wakapiga vigelegele.

Na mie nikasikia. Kek. Kek. Kek kek kek.

Mbele yao njia ilikuwa inateremka kwenye mkondo wa maji, na juu ya mkondo kile kidaraja. Magogo sita ya mnazi, hakuna ukingo. Nikakumbuka Nassibu alivyosema. Sikuwaza tena. Nilimrukia dereva wa bodaboda mgongoni nikamwambia apite pembeni, apite, apite, na alipita, sijui alipitaje, mchanga ulinijaa mdomoni. Tukawapita. Nikaruka chini hatua kama ishirini kutoka darajani, katikati ya njia.

Sasa hapo mtu mwenye akili angenyoosha mikono akasema simameni, jointi ni mbovu, niliiweka vibaya. Maneno sita.

Nilijiangusha chini kama mtu aliyezimia.

Nilifumba macho. Nikasikia Bakari akipiga kelele, injini ikinguruma, kisha mlio ambao sijawahi kuusikia na sitaki kuusikia tena: paa, halafu chuma kikisaga chuma. Halafu kimya. Halafu sufuria moja likabingirika peke yake, likazunguka zunguka, likalala.

Nilifumbua jicho moja. Landrova lilikuwa limekata kushoto, limeegemea tuta la mchanga. Tairi la mbele limepinda ndani kama mguu uliovunjika. Kutoka pale hadi darajani nilipima baadaye kwa hatua. Kumi na moja.

Wanawake walikuwa wanashuka, wanaitana majina, wanajishika vichwa. Mmoja amechubuka kiwiko. Mbuzi ameruka na kukimbia. Bi Chausiku alishuka wa mwisho, mtandio umekaa upande, akasimama akiangalia lile daraja.

Walinizunguka wakanimwagia maji. Mmoja akasema maskini, presha. Kisha wakapisha njia na nikaona miguu ya Flaviana. Huwa ananiita Baba Anjelina. Tangu binti yetu Anjelina azaliwe, ananiita hivyo.

Akasema, "Valerian, simama. Umelifanya nini hili gari?"

Nikasimama. Nikamwambia kikombe hakikuingia.

Hakuna aliyeelewa isipokuwa Bakari. Bakari aliketi mchangani akashika kichwa.

Nikawaeleza basi. Kila kitu: kisindano, nyundo, kashata, Tunduru, malaria, vifundo. Nilipofika kwenye vifundo Bakari alinyanyuka na walimshika. Flaviana aliivua ile aproni, akaikunja vizuri, akaitia kwenye mfuko.

Bi Chausiku ndiye aliyezungumza. Hakupaza sauti. Akasema, "Ungeniambia Jumatatu kwamba hujui, ningevuka barabara tu. Jumanne nilikuuliza mwenyewe, umekaa kwangu, unakula kashata yangu. Mwanangu, mbona hukusema?"

Nikamwambia nilidhani itazoea.

Akatazama saa. Halafu akasema watu mia tatu wanakula saa nane, na akaanza kugawa mizigo. Vyombo vyote vilivuka daraja vichwani. Mie nilipewa sufuria kubwa kuliko yote, lile ambalo huwa linabebwa na watu wawili. Nilivuka magogo yale peke yangu na sufuria kichwani, maji yanaonekana katikati ya miguu, na niliogopa kila gogo. Nadhani ndivyo alivyotaka.

Bakari alimpigia Nassibu. Alifika saa tano na pikapu, na shafti nzima aliyoitoa kwenye Landrova bovu la gerejini kwake. Alifungua tairi, akatoa vipande. Sikio la shafti limekatika. Kile kikombe kimekuwa cheusi. Akakigeuza, akakigonga kwenye kiganja, ukatoka unga wa chuma na kipande kimoja kidogo kama punje ya mchele. Kisindano. Alinionyesha, akamwonyesha Bakari, akakitupa. Hakucheka. Ningependa angecheka.

Kutwa nzima nimekoroga pilau. Mwiko wa lile sufuria ni mrefu kama kasia. Mbuzi alikamatwa na watoto wa huko, akaliwa. Chakula kimetoka saa tisa na nusu na hakuna aliyelalamika. Bwana harusi alikuja jikoni kushukuru, akanipa mkono akidhani ni mmoja wa wapishi. Flaviana alikuwa upande wa pili wa moto. Hakunitazama hata mara moja.


Jumapili, 20 Julai

Flaviana ameenda misa peke yake. Amerudi amekaa mbele yangu.

Nilijaribu kumweleza upande mwingine wa jambo hili. Kwamba kama nisingejiangusha pale, wangefika darajani. Kwamba ukitazama vizuri, kwa namna fulani, niliwaokoa. Aliniacha niseme mpaka maneno yakaniishia.

Kisha akaniambia alichokiona akiwa nyuma ya gari. Gari lilipokata, alishika ukingo kwa mkono mmoja na kwa mwingine akamshika Hamida, binti wa kazi wa Bi Chausiku, ambaye ana mimba ya miezi mitano. Alidhani wanaanguka majini. Akasema aliwaza kitu kimoja tu, kwamba Anjelina yuko kwa bibi yake Masasi na nani atampigia simu.

Hapo nililia. Naandika kwa sababu ni kweli.

Akanipa mkate wenye siagi ya chumvi. Akasema anataka kunifundisha neno moja, nilirudie baada yake kama mtoto wa chekechea. Neno ni sijui. Nikasema. Akasema sauti haisikiki. Nikasema tena. Tukafanya mazoezi. Yeye anakuwa mteja, anauliza, fundi, gia boksi hii unaiweza? Mie najibu sijui, nenda kwa Nassibu. Mara kumi. Mara ya kumi nilikaribia kumaanisha.

Bi Chausiku hajamwondoa Flaviana kwenye timu. Amesema kosa si lake. Ametuma ujumbe kwamba kutakuwa na arobaini Mkuranga, Landrova litakuwa tayari, na mume wake asisogelee gari kwa umbali wa kutupa jiwe.


Jumatatu, 21 Julai

Nimevuka barabara. Nassibu alikubali nikae kando nione anavyofanya. Anaosha kikombe, anapaka grisi nzito, anapanga visindano kimoja kimoja kwa ncha ya bisibisi, anahesabu. Anaweka msalaba, anasukuma kwa presi, polepole, na mkono mwingine anauchezesha msalaba kila mara ili ajue kama kuna kilicholala. Klipu, tik. Halafu anagonga masikio ya shafti kidogo sana, ili kikombe kirudi kuegemea klipu yake. Anazungusha. Inaanguka yenyewe kwa uzito wake, laini kama bawaba ya mlango mpya.

Robo saa. Hakuna nyundo kubwa. Nilitamani kuondoka.

Akaniuliza kama nimeelewa. Nikasema nimeelewa tangu zamani, ila nilitaka kuhakikisha na yeye anajua.

Akarudi kufuta mikono.


Jumatano, 23 Julai

Leo amekuja mtu anaitwa Lusungu, kutoka Kigamboni. Ana boti ya fiba ya kupeleka wageni visiwani, ya injini mbili, na moja inazima katikati ya maji. Alikuwa anamtafuta Nassibu. Nassibu alikuwa ameketi kwangu chini ya turubai, amekuja kuazima spana, na akamwambia wazi kabisa, "Za boti mimi sizijui, kaka. Tafuta fundi wa baharini."

Hivyo tu. Amesema mbele za watu na hakuna kilichomtokea.

Lusungu akageuka akaniuliza na mimi. Nililijua neno. Nilikuwa nalo kabisa mdomoni, lile la Flaviana, tumelifanyia mazoezi mara kumi. Lakini nikaona Nassibu ananitazama, anasubiri, na niliona namna ambavyo ningekuwa fundi wa pili kusema sijui.

Nikasema injini za boti ni kama za gari tu, isipokuwa zinalowa.

Nassibu alirudisha spana mezani, akavuka barabara polepole bila kugeuka.

Ameniletea ile injini inayozima, na nimeshaifungua. Ndani yake kuna vitu ambavyo gari halina. Kimoja nilikitoa kwa nyundo. Lusungu amefurahi, ameshauambia ukoo wake wote. Jumamosi tunaijaribu, na anasisitiza fundi mwenyewe akae ndani mpaka kisiwani na kurudi, maana ndiyo desturi yake.

Nimekubali.

Sijui kuogelea. Hilo nalo sijamwambia.